Mkanda wa Sentimita Themanini na Nne

Mwaka 2023, masika yakiwa yanaishia na mpunga wa Mwamkulu umeanza kuinamisha vichwa, nikiwa na umri wa miaka hamsini na tisa, miezi miwili na siku ishirini na nane, ukoo wa marehemu mume wangu uliniagiza nitafute mkanda mzuri wa ngozi, ili mwanamume mwingine afungwe nao na kukabidhiwa nyumba yangu.

Ninaandika tarehe kwa ukamilifu kwa sababu nilichelewa kuzijua. Hadi nilipofikisha miaka hamsini na miwili nilihesabu maisha kwa matukio: mwaka ule ng'ombe wa wageni walipokula mahindi, mwaka ule mvua ilipobomoa choo cha jirani akiwa ndani. Nilianza darasa la watu wazima Jumatatu, tarehe 9 Januari 2017, katika shule ya msingi iliyo karibu na kwetu, nikiwa nimekalia dawati la mtoto na magoti yakinigusa kidevu. Mtu aliyepata miwani uzeeni hutazama hata yasiyomhusu. Nami tangu siku hiyo nimekuwa nikiandika tarehe hata juu ya kopo la chumvi.

Sasa desturi yenyewe. Katika ukoo ule, mwanamume akifa, wanangoja mwaka mmoja upite, kisha mkanda aliouvaa hufungwa kiunoni mwa mrithi wake mbele ya watu. Bizimu likiuma, yaani kile chuma cha mbele kikishika tundu bila kulazimishwa, basi huyo ndiye mwenye nyumba. Huchukua nyumba, mashamba, mifugo, na mjane kama bado anafaa. Niliwahi kumsikia mzee wa ukoo akiitaja orodha hiyo kwa mpangilio, na mimi nilikuwa mwishoni, baada ya mbuzi.

Mimi na mume wangu tulijaliwa watoto watatu, wote wa kike, wote wameolewa mbali. Kwa hesabu ya ukoo hiyo ni sawa na sifuri. Mrithi akawa mdogo wake mume wangu, shemeji yangu wa Kakese, mwanamume mwenye wake wawili na tumbo ambalo, kwa namna alivyolitunza, lingeweza kuhesabiwa kuwa mke wa tatu. Hakuwa mtu mbaya. Laiti angekuwa mbaya ningemfukuza kwa ufagio na habari ingekwisha. Alikuwa mcheshi, mkarimu, na aliamini kwa moyo wake wote kwamba ananifanyia hisani. Miezi sita tu baada ya msiba aliniuliza kaka yake alikuwa akilala upande gani wa kitanda, ili asije akakosea.

Kosa lilifanyika siku ile ile ya kifo, na alilifanya yeye. Mume wangu alifariki Alhamisi, tarehe 14 Julai 2022, baada ya ugonjwa uliomkondesha. Walipomvika nguo, suruali ilikuwa ikimshuka. Shemeji, ambaye hapendi kuona mtu ameharibikiwa mbele ya wageni, alinyanyuka, akachukua mkanda uliokuwa ukining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango, akamfunga kaka yake barabara. Ulikuwa mkanda wa ngozi ulioshonwa kwa mkono, wa tangu ujana wake. Kesho yake tukamzika akiwa nadhifu. Hakuna aliyewaza lolote. Shemeji alikuwa amezika urithi wake kwa mikono yake mwenyewe, kisha akashika koleo na kuufukia.

Jambo hilo liligunduliwa Jumapili, tarehe 30 Aprili 2023, ukoo ulipokutana uani kwangu kupanga siku ya kumaliza matanga. Mzee wa ukoo, mtu mrefu wa maneno na mfupi wa kimo, aliuliza mkanda uko wapi.

"Si aliuvaa," nikasema.

"Aliuvaa lini?"

"Anauvaa mpaka sasa."

Wote wakamgeukia shemeji. Akatazama viatu vyake, au tuseme alitazama mahali ambapo viatu vyake vingeonekana kama tumbo lingeruhusu. Mjomba mmoja akasema taratibu kwamba kaburi halina hata mwaka, udongo bado laini. Hapo shangazi wa marehemu, bibi kizee ambaye hata mzee wa ukoo humwamkia kwa kuinama, akatema ugoro pembeni.

"Mfukueni," akasema. "Halafu mtamwambia nini? Samahani, tumesahau kitu?"

Wakaamua njia nyingine. Utengenezwe mkanda mpya, wa ngozi ya kweli, ulioshonwa kwa mkono, usiwe wa dukani, uwe mfano wa ule aliozikwa nao, na uletwe na mjane, kwa kuwa vyombo vya marehemu viko mikononi mwa mjane. Nikanyoosha mkono kama darasani.

"Mfano wake kwa kila kitu, mzee?"

"Kwa kila kitu."

"Naomba urudie, naandika."

Akarudia. Nikaandika: kwa kila kitu, saa nane na dakika kumi mchana. Wakati ule sikuwa na hila yoyote. Nilikuwa na hofu tu. Nilijua kwamba mkanda ukimshika shemeji, ukoo ungeandika muhtasari wa kikao, muhtasari ungepelekwa Mahakama ya Mwanzo, na yeye angekuwa msimamizi wa mirathi. Mimi ningehamishiwa chumba cha uani. Majaruba yangu matatu ya mpunga, ambayo niliyachimba na mume wangu tope likitufika mapajani, yangelimwa na wake zake wawili, nami ningekuwa wa kuwachotea maji.

Shemeji alinisindikiza hadi barabarani, ingawa nyumba ilikuwa yangu na mgeni alikuwa yeye.

"Shemeji, usihangaike sana. Chukua wowote pale mjini, mi si mtu wa makuu."

"Kikao kimesema ngozi ya kweli."

"Kikao, kikao! Tangu usome umekuwa kama mtendaji wa kata. Sikiliza nikwambie. Mwanamke bila mwanamume ni nyumba bila komeo."

"Nina kufuli."

"Kufuli huvunjwa."

"Ndiyo maana nimeweka mawili."

Akacheka hadi akalazimika kushika mti. Nami nilicheka, kwa bahati mbaya.

Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, nilikwenda Mpanda mjini. Amri ilikataza mkanda wa dukani, lakini sikuwa najua ngozi nzuri inafananaje, na mtu hujifunza uzuri kwa kuanzia na ubaya. Niliingia katika duka la mzee mmoja mwenye kofia ya kushona na ndevu zilizotiwa hina, ambaye mikanda yake ilining'inia mlangoni kama nyoka waliokatwa vichwa.

"Karibu mama. Leza hiyo, ngozi orijino. Imeandikwa hapo."

Kweli ilikuwa imeandikwa, kwa herufi za dhahabu. Miaka sita iliyotangulia maandishi yangenitisha, maana sikujua kwamba uongo nao huandikwa. Niliukunja mkanda mara mbili, nikautazama ukingo wake kwa jua. Palikuwa na ganda jembamba la juu, ganda jembamba la chini, na katikati kitu cha kijivu kilichofumuka kama karatasi iliyolowa. Nikakwaruza kwa ukucha. Rangi ikabaki kwenye ukucha.

"Mama, umekuja kununua au umetumwa na serikali?"

"Nimetumwa na ukoo."

"Ee Mola," akasema mzee, na uso wake ukabadilika. "Ukoo ni mbaya zaidi. Ni wa arusi au wa msiba?"

Nilimweleza. Alisikiliza akiwa amefumba jicho moja, kisha akatazama huku na huku, akapandisha shati lake. Kiunoni alikuwa na mkanda wa rangi ya asali iliyokolea, mnene, umechakaa kwa heshima, bila ufa hata mmoja.

"Huu nina mwaka wa kumi na nane nao," akasema. "Sikuununua hapa. Mimi ni mfanyabiashara, siyo mjinga. Kuna Msukuma mmoja Litapunga, alikuja na ng'ombe wake zamani, sasa anashona. Mwambie nimekutuma mimi. Na hii uliyoikunja irudishe vizuri, kuna watu hawakunji."

Jumamosi, tarehe 6 Mei, nilipanda bodaboda hadi Litapunga. Mkobani niliweka daftari langu la hesabu la mwaka 2018, na daftari hilo linahitaji maelezo.

Tulipofika somo la vipimo, mwalimu wetu alitupa kazi ya nyumbani: pima vitu kumi nyumbani kwako, uandike kwa sentimita. Nilipima meza, mlango, kitanda, ndoo, ubao wa kukatia nyama, mchi, dirisha na benchi. Vikawa vinane. Nyumba yetu haikuwa na vitu vingi zaidi ya hivyo ambavyo vingekaa kimya kupimwa, kuku nilimjaribu. Basi nikamgeukia mume wangu, aliyekuwa amelala kwenye mkeka, mimi nikiwa na utepe wa cherehani mkononi.

"Unanipimia jeneza?" akauliza.

"Nyoosha mikono."

"Mwalimu wako ni mwanamume?"

"Ni mwanamke."

"Basi pima vizuri."

Niliandika: namba tisa, kiuno cha mume wangu, sentimita 84. Kisha akanipokonya utepe na kunipima mimi, akisoma kwa sauti ili majirani wasikie: namba kumi, kiuno changu, sentimita 88. Kwa juma zima aliniita Themanini na Nane. Mwalimu alisahihisha kwa wino mwekundu tarehe 13 Machi 2018, akanipa kumi kwa kumi, na chini akaandika: "Vizuri sana. Ila mume si kifaa cha nyumbani." Hapo tulitofautiana.

Fundi alikuwa mzee mwembamba, amekaa kwenye kigoda chini ya paa la nyasi, miguu yake imebana kipande cha mti kilichobana nacho ngozi. Aliniamkia kwa lugha yake, "Mwangaluka," nami nikamjibu kwa yangu, kisha tukakutana kwenye Kiswahili. Nilipomwambia ninataka mkanda hakunionyesha mkanda. Alitandika ngozi nzima ya ng'ombe chini, iliyokwisha kulainishwa kwa magome na mafuta, akaizunguka kama mtu anayeonyesha mipaka ya shamba.

"Mama, watu wanatazama rangi. Rangi ni shati. Tazama ilikotoka. Hapa shingoni kuna mikunjo, mnyama alikuwa anageuka geuka. Hapa tumboni, shika, vuta."

Nikavuta. Ikanyumbuka kama unga wa chapati.

"Umeona? Ikivutika hairudi. Mwenye mkanda akila, inampisha. Akila tena, inampisha tena. Mwaka ukiisha umebaki na kamba ya kufungia ndama. Mikanda mingi ni tumbo hiyo, maana ni rahisi."

"Na mgongoni?"

Alinipa kipande cha mgongo. Nilikivuta hadi vidole vikaniuma. Hakikunyumbuka hata kwa unywele.

"Mgongo haumpishi mtu," akasema.

Nakiri kwamba ni hapo, saa nne na nusu asubuhi, hofu yangu ilipobadilika ikawa kitu kingine. Sikukiita hila. Nilikiita utii: kikao kiliagiza ngozi bora, na ngozi bora ni ya mgongoni.

"Nataka mgongo," nikasema.

Alinifundisha na mengine, bila haraka. Ngozi ya kweli ikikunjwa hufanya mikunjo midogo kama kiganja cha mtu, haipasuki. Ukingo wake huwa kitu kimoja toka juu hadi chini, na fundi mwenye adabu huusugua kwa nta ya nyuki na kipande cha pembe hadi ung'ae. Alishona kwa sindano mbili zilizofungwa katika uzi mmoja, zinapishana katika kila tundu alilolitoboa kwa msharasi, hivyo mshono mmoja ukikatika wa jirani hauna habari. Bizimu alinichagulia la shaba, zito, lililotoka katika mkoba mkuukuu. Aliligonga kwenye jiwe, akanipa nisikilize. Sijui nilitakiwa kusikia nini, lakini nilitikisa kichwa.

"Matundu matano," akaendelea. "La katikati ndilo la mwenyewe. Mawili ya njaa, mawili ya sikukuu. Haya, kiuno cha nani?"

"Cha marehemu."

Mikono yake ikasimama. "Marehemu atauvaaje?"

Nikafungua daftari, nikamwonyesha namba tisa. Nikamweleza kuhusu ukoo, msumari wa nyuma ya mlango, amri ya kikao na shemeji yangu. Alisikiliza yote, akauliza swali moja tu.

"Na huyo shemeji, mmempima?"

"Hilo halikuagizwa."

Alinitazama. Akanitazama tena. Kisha akaweka msharasi chini, kwa kuwa ni hatari kucheka nao mkononi, akacheka machozi yakamtoka, akamwita mkewe kwa Kisukuma, naye akaja akacheka kabla hajaambiwa.

"Mama," akasema akijifuta, "ukiuchukua huu wasije wakanirudia hapa na fimbo."

"Wewe umepewa kipimo, umeshona kipimo."

"Na mkia wa mbele ya matundu?"

"Kama desturi."

"Sentimita kumi na mbili," akasema, akapiga alama kwa kipande cha mkaa. Nilirudi kuuchukua Jumamosi, tarehe 27 Mei 2023. Kwa muda wote niliokaa nao ndani sikuujaribu. Ulikuwa umeviringishwa katika kitambaa cheupe, na harufu yake ya nta na magome ilijaa chumbani. Siku nyingine niliinusa, nikakumbuka mtu fulani akiinama kufunga kamba za viatu.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Jumamosi, tarehe 15 Julai 2023. Ukoo ulijaa uani tangu asubuhi. Shemeji alikuja na suruali mpya, ambayo kwa heshima ya desturi haikufungwa mkanda, hivyo aliishika kwa mkono mmoja na kuwasalimia watu kwa mwingine. Wake zake walikuja na vyungu vyao. Vyungu, msomaji. Walikuwa wamekuja kuhamia.

Mzee wa ukoo alitoa mkanda kwenye ungo uliofunikwa unga, akausifu. Akaukunja, akaunusa, akaupitisha kwa wazee wenzake, kila mmoja akavuta. Mmoja alisema tangu enzi za baba yake hajaona ngozi kama ile. Nilikaa kwenye mkeka wa wajane nikiwa nimeinamisha kichwa, hali ambayo ilinifaa sana, maana usingeweza kuniona usoni.

Wakauzungusha kiunoni kwa shemeji. Ulipita mgongoni vizuri. Ulipita ubavuni vizuri. Ulipofika mbele, ncha na bizimu vikasimama vinatazamana kama wakwe waliokosana, na kati yao palikuwa na shati jeupe, pana kama kurasa za gazeti.

"Vuta pumzi," mzee akamwambia kwa sauti ya chini.

Akavuta. Tumbo lilipanda juu, likakaa kifuani muda mfupi, likarudi. Wajomba wawili wakamshika mmoja huku mwingine kule, wakavuta kama watu wanaofunga gunia la mpunga kwenye baiskeli. Mmoja akaomba msumari atoboe tundu jingine, akaelezwa kwamba hapana mahali pa kutoboa, kwa kuwa ncha yenyewe haijafika. Ngozi ya tumbo ingewahurumia. Hii ilikuwa ya mgongo.

"Ameupunguza!" shemeji akasema, uso umemwiva. "Huyu mwanamke ameupunguza makusudi!"

Nikainuka. Nikaingia ndani, nikatoka na daftari. Mzee wa ukoo hakuwa na miwani, akampa aliye karibu naye asome kwa sauti, na aliyekuwa karibu naye alikuwa shemeji mwenyewe, akiwa bado ameshikiliwa na mkanda nyuma na suruali mkononi. Akasoma kwa kujikwaa.

"Namba tisa. Kiuno cha mume wangu. Sentimita themanini na nne. Tarehe kumi na tatu, mwezi wa tatu, elfu mbili kumi na nane. Vizuri sana. Ila mume si..."

"Malizia," akasema shangazi.

"Ila mume si kifaa cha nyumbani."

Uani palichafuka kwa kicheko. Hata wake zake walicheka, mmoja akiwa amejifunika chungu usoni. Shemeji akajitetea kwamba kaka yake alinenepa baadaye. Shangazi akamwita kwa kidole.

"Njoo hapa, baba. Si wewe uliyemvisha siku ile?"

"Ni mimi, shangazi."

"Ulimfunga tundu la ngapi?"

Angeweza kudanganya. Hakuna shahidi aliye hai ambaye angempinga, na yule mwingine hakuwa wa kuitwa.

"La mwisho kabisa, la ndani," akasema. "Na bado lilikuwa linapwaya, shangazi. Alikuwa amekwisha."

Hapo kicheko kilikwisha pia. Kwa mara ya kwanza siku hiyo niliona mtu aliyefiwa na kaka yake.

Mzee wa ukoo akapendekeza kikao kiahirishwe, mkanda urudi kwenye ungo hadi apatikane mrithi mwembamba. Shangazi akakataa. Mkanda ukishatoka kwenye unga, akasema, haurudi bila kupata kiuno, na lazima upate kabla jua halijapita utosini. Wote tukatazama juu. Jua lilikuwa limebakiza kidogo.

"Sasa afungwe nani?" mzee akauliza.

"Aliyeuleta."

"Mwanamke havai mkanda wa ukoo!"

"Nani kasema? Shangazi wa ukoo huu ni mimi, na mimi sijasema." Akanigeukia. "We mke wangu, simama." Ndivyo wanavyotuita mashangazi wa kule.

Nilisimama kwa shingo upande. Maana niliijua namba kumi. Mwaka 2018 nilikuwa sentimita 88, na tundu la mwisho la nje, kwa hesabu ya fundi ya sentimita mbili na nusu kati ya tundu na tundu, lilikuwa 89. Tangu 2018 nilikuwa nimekula. Majuma yote niliyokaa na mkanda ule nikimcheka mwenzangu kwa tumbo lake, sikuwahi kulifikiria langu.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyenifunga. Ncha ikapita kwenye bizimu. La kwanza kutoka ndani, hapana. La pili, hapana. La tatu, la mwenyewe, hapana. La nne likakaribia. Nikavuta pumzi yote ya Mwamkulu, nikaifungia kifuani, na la tano likauma. Likalia, ta! Watu wakapiga vigelegele.

Kisha mzee wa ukoo akaanza kubariki. Nimesema ni mtu mrefu wa maneno. Alianza na babu wa babu yake, akashuka taratibu, akiwataja na ng'ombe wao. Nilisimama nimebana pumzi, macho yakinitoka, nikiona nyota mchana kweupe, na wageni wakaambiana kwamba mjane amezidiwa na uchungu. Alipofika kwa mume wangu nilikuwa karibu kumfuata.

Muhtasari wa kikao niliuandika mwenyewe siku hiyo hiyo, kwa kalamu ya bluu, kurasa mbili na nusu, bila kosa. Kwamba ukoo umemteua mjane kuwa msimamizi wa mirathi ya marehemu. Kwamba bizimu liliuma mbele ya wajumbe. Kwamba hakulazimishwa mtu, maneno ambayo kiuno changu kingeweza kuyapinga. Wazee waliweka dole gumba. Shemeji alitia saini ya tatu, akikandamiza kalamu sana, kisha akawaambia wake zake wabebe vyungu. Aliondoka ameshika suruali.

Niliufikisha muhtasari Mahakama ya Mwanzo Jumanne, tarehe 18 Julai 2023. Tangazo likabandikwa ukutani ili mwenye pingamizi ajitokeze, na kwa miezi mitatu nililala vibaya. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Kakese niliihesabu.

Jumatano, tarehe 18 Oktoba 2023, tuliitwa. Nilivaa gauni la kijani na juu yake mkanda, tundu la nne, kwa kuwa tangu Julai nilikuwa nimepunguza ugali kwa ajili ya heshima. Shemeji alikuwa amekaa benchi la nyuma. Hakimu alisoma muhtasari, akainua macho akaniangalia kiunoni, akaendelea kusoma. Akauliza kama kuna pingamizi. Benchi la nyuma likalia, nikajua ni nani amesimama, maana benchi lile lisingelia kwa mwingine.

"Hakuna pingamizi, mheshimiwa," akasema shemeji. "Nilisaini mwenyewe. Kipimo kilikuwa cha kaka."

Hakimu akagonga muhuri. Ilikuwa saa tano na dakika ishirini asubuhi.

Alinifuata nje, tukasimama kivulini mwa ukuta. Alikuwa amefunga suruali kwa mkanda wa dukani ambao ulikwisha kupasuka mahali pawili.

"Shemeji," akasema. "Yule Msukuma wa Litapunga, bado anashona?"

"Anashona."

"Anataka kipimo?"

"Bila kipimo hashiki msharasi."

Akatazama barabarani, pande zote mbili. Kisha akainua mikono, vile vile kama kaka yake alivyoinua. Nilitoa utepe mkobani, nikamzungushia, nikalazimika kumzunguka mwenyewe ili kuifuata ncha. Halafu nikafungua daftari juu ya goti, nikaandika chini ya namba kumi: namba kumi na moja, kiuno cha shemeji, sentimita 113, tarehe 18 Oktoba 2023.

"Andika mia na kumi," akasema.

Nikakataa.